Kuzuru Msikiti wa Kale wa Jumba la Mtwana: Mwongozo kwa Anayetoka Mombasa

Mkaazi wa Mombasa akipata mgeni anayetaka kuona mambo ya kale humpeleka Fort Jesus, na akiwa na siku nzima humfikisha Gede. Jumba la Mtwana hupitwa barabarani. Mji huu wa magofu uko Mtwapa, kaunti ya Kilifi, chini ya kilomita 20 kutoka kisiwani, na ndani yake umo msikiti uliojengwa hatua chache tu kutoka baharini. Kwangu mimi hakuna mahali karibu na Mombasa panapofaa zaidi kujifunzia namna wazee wetu walivyoiandaa nyumba ya ibada. Kufika si kazi. Kazi iko katika kutazama, kwa sababu mtu asiyejua aanzie wapi huziona kuta tu, akarudi kwao bila kujua alisimama mahali gani.

Jambo ninaloshikilia ni hili: ingia kwa njia aliyoingilia mwenye kwenda kuswali. Yeye alianza kwenye maji akamalizia kwenye kibla. Ukifuata mpangilio huo, mawe yatakueleza mengi kabla hujamuuliza mtu.

Yajue haya kabla ya kuondoka nyumbani

Mji ulijengwa katika karne ya 14 na ukahamwa katika karne ya 15. Jina la asili walilouita wenyewe limepotea. Hili tunalotumia ni la baadaye. Mwaka 1972 palichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman, yule yule aliyefanya kazi Gede na Fort Jesus, na leo pako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kilichobaki kikisimama ni misikiti, nyumba kadhaa na kaburi kubwa, vyote vikiwa ndani ya msitu mdogo wenye mibuyu mikubwa.

Ukiangalia ramani utashangaa kwa nini watu walijenga pale. Mbele ya mji hapana bandari ya kutia nanga chombo kikubwa, na Mtwapa penyewe pana mkono wa bahari ulio salama. Maelezo yanayotolewa na wataalamu ni matatu, na nayaona yana uzito: palikuwa na maji matamu ya visima, palipata upepo wa kusi na wa kaskazi, na adui mwenye merikebu hakuwa na pahala pepesi pa kushukia. Kuhusu kuhamwa kwake, hutajwa kukatika kwa biashara, kuvamiwa, au maji kuharibika visimani. Hilo la maji uliweke akilini, maana utakutana nalo tena mlangoni mwa msikiti.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, siku na saa

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ardhi ni kavu na njia za msituni hazina utelezi, ila jua la adhuhuri ni kali. Masika, hasa Aprili na Mei, mawe hushika ukungu wa kijani na huteleza, na mbu huwa wengi chini ya miti. Mimi napendelea Julai na Agosti: upepo wa kusi unavuma, jua limepoa, na kuta zimeoshwa na mvua zilizopita.

Saa ni muhimu kuliko msimu. Nenda asubuhi, ufike karibu na saa tatu. Mwanga wa asubuhi hutoka upande wa bahari ukiwa bado umelala, na kila ufa, kila mstari wa nakshi na kila alama ya shoka kwenye jiwe huonekana. Ikifika saa sita jua likiwa utosini, ukuta mzima hugeuka rangi moja na mtu haoni kitu. Isitoshe, mchana wa Jumamosi na Jumapili huja makundi ya shule na ya sherehe. Siku ya katikati ya wiki utaweza kukaa peke yako mbele ya kibla kwa muda unaoutaka.

Tazama pia maji. Kalenda nyingi za misikiti na za wavuvi huonyesha mwandamo wa mwezi, na hiyo yatosha: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huwa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yakipwa utaweza kushuka ufukoni na kuuona mji kutoka upande wa bahari, jambo ambalo nalipendekeza kwa kila mtu. Yakijaa siku ya bamvua ufuko huwa mwembamba, na hapo usiteremke na watoto.

Hatua ya pili: vitu vya kubeba

Beba kitambulisho, kwani kiingilio cha raia, cha mkaazi na cha mgeni hutofautiana. Weka pesa kwenye simu: malipo ya makumbusho za serikali siku hizi hupitia mfumo wa eCitizen, kwa hivyo noti mfukoni huenda zisikusaidie langoni. Beba maji ya kunywa ya kutosha.

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Sakafu za magofu zina ncha za matumbawe zinazokata, na ndara za bafuni hazifai. Nguo ziwe za heshima, kama unavyovaa ukipita karibu na msikiti wowote Mji wa Kale. Kina mama wachukue leso moja ya ziada. Ni ya kujifunika, ya kukalia, na ya kumkinga mtoto jua. Kurunzi ndogo itakufaa ukitaka kuchungulia ndani ya kisima au kwenye vishubaka vya ukutani.

Kula kifungua kinywa kabla hujaingia. Ukitaka mahamri na mbaazi, vinunue asubuhi mtaani kwako au Mtwapa mjini, kwa sababu ndani ya magofu hapaliwi, na nyani na kima wa msituni hawasubiri kukaribishwa.

Hatua ya tatu: kufika

Kutoka kisiwani panda matatu ya Mtwapa pale Buxton, au ile ya Kilifi au Malindi. Gari litavuka daraja la Nyali, lipite Kongowea, Bamburi na Shanzu, kisha livuke daraja la Mtwapa. Barabara hii ina foleni za asubuhi na jioni, na kazi za upanuzi zimeongeza msongamano, kwa hivyo toka mapema.

Mwambie utingo akushushe kwenye njia ya Jumba la Mtwana, baada ya daraja, upande wa kulia unaoelekea baharini. Kutoka barabara kuu zimebaki kilomita chache. Kwa mguu ni mwendo wa kuchosha juani. Chukua tuktuk au bodaboda, mpatane bei kabla ya kupanda, na umuombe dereva namba yake ya simu ili akurudie. Ndani kule magari ya kupita ni haba.

Hapa kuna kosa la wengi, na ni kosa la haki kabisa. Mtwapa pana magofu mengine, ya mji wa kale wa Mtwapa wenyewe, yaliyo kando ya mkono wa bahari, nayo ni makubwa na yana heshima yake. Ukimwambia dereva "nipeleke kwa magofu ya Mtwapa" anaweza kukupeleka huko. Taja jina kamili: Jumba la Mtwana, ya ufukoni.

Hatua ya nne: langoni

Toa salamu kwanza, na useme umetoka wapi. "Sabalkheri, mzee" hufungua milango ambayo tiketi peke yake haiifungui. Wanaofanya kazi pale wanaijua kila kona, wanajua ukuta upi umelegea mvua iliyopita na nyuki wamejenga wapi. Lipa kiingilio, kisha uliza kama kuna kiongozi wa kuzunguka nawe. Kama yupo, mchukue, mkubaliane malipo yake wazi mwanzoni, na umwambie ungependa kumalizia na msikiti wa baharini. Viongozi wengi huenda huko moja kwa moja kwa sababu ndipo wageni wanapopendelea picha.

Pana chumba kidogo cha maonyesho. Kipitie upesi sasa, urudi tena ukimaliza. Tazama hasa vigae vya vyombo, vikiwemo vya kutoka China. Tarehe zote nilizozitaja juu zimetegemea sana vipande kama hivyo: aina ya rangi na udongo wake humwambia mtaalamu chombo kilitengenezwa zama zipi, na tabaka la ardhi alimokiokota humwambia nyumba ilikuwa na watu wakati gani. Kigae kikiondolewa mahali pake hukaa kimya milele. Ndiyo sababu ukikiona kimoja njiani, hata kiwe kidogo kama ukucha, ukiache pale pale kilipo. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kuchukua vitu hivyo, lakini hata isingekuwepo sheria, sababu yatosha.

Hatua ya tano: pita kwenye nyumba, ujifunze kusoma ukuta

Nyumba zimepewa majina na wachimbuaji kutokana na kitu kilichoonekana ndani yake: ya milango mingi, ya jikoni, na kadhalika. Ile ya milango mingi hudhaniwa kuwa ilipokea wageni, kwa kuwa vyumba vyake vimegawanywa kila kimoja na faragha yake na mahali pake pa kuogea. Huhitaji kukaa sana katika kila nyumba. Zitumie kama darasa la vitu vitatu, ili ukifika msikitini uwe na macho.

Kwanza, jiwe. Sehemu kubwa ya ukuta ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa ardhini, magumu, yenye matundu, yamepangwa bila kuchongwa sana. Kwenye miimo ya milango, matao na pembe utaona jiwe lingine, jeupe zaidi na laini. Hilo lilitolewa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka, na likishakauka likawa gumu. Fundi aliliweka pale ambapo jicho lingetua.

Pili, chokaa. Ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la kuni, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikomae. Ndiyo iliyoshika mawe na ndiyo iliyopakwa nje. Pale ambapo lipu bado imeshika, ikaribie na uitazame kwa ubavu dhidi ya mwanga. Utaona mkono wa aliyeipiga.

Tatu, upana wa chumba. Vyumba ni virefu na vyembamba, karibu vyote kwa kipimo kimoja. Kilichoamua ni boriti za mikoko, ambazo hazikuweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa zaidi ya takriban mita 3. Simama katikati, nyosha mikono, na utaielewa nyumba ya Waswahili wa kale kuliko maelezo ya saa nzima. Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, bado zina kipimo hicho hicho.

Hatua ya sita: msikiti wa baharini

Sasa punguza mwendo. Ondoa simu mkononi kwa dakika chache.

Usianze na kibla. Tafuta kwanza kisima na birika. Muumini wa karne ya 14 aliyetoka kwenye nyumba yake alikuja hapa akiwa na vumbi la mji miguuni, au chumvi ya bahari ikiwa ni mvuvi, na hakuweza kupiga hatua nyingine bila ya kutawadha. Kwa hivyo kila msikiti wa kale wa pwani ulianza na swali la maji: yatapatikana wapi, yatahifadhiwa vipi, na yatamfikiaje mtu mmoja mmoja bila kuchafuliwa. Jibu ni mpangilio ulio mbele yako. Maji yalitekwa kisimani, yakamiminwa kwenye birika lililopakwa lipu ya chokaa ili lisivuje, na mtu akateka kutoka birikani. Tazama ukubwa wa birika hilo, kisha fikiria idadi ya ndoo zilizotakiwa kulijaza kila siku kwa ajili ya sala tano. Kuna mtu aliyekuwa na kazi hiyo, na jina lake halikuandikwa mahali popote.

Karibu na birika, angalia chini. Utaona mawe ya matumbawe yenye uso wa mikwaruzo yaliyopandwa makusudi. Hayo ni ya kusugulia nyayo. Udhu humalizikia miguuni, kwa hivyo jiwe la kusugua likawekwa pale pale mtu anapomaliza, aingie ndani akiwa safi. Kwangu mimi hicho ndicho kitu kinachogusa moyo kuliko vyote katika Jumba la Mtwana. Mihirabu, vile vishubaka vya ukuta wa kibla anaposimama imamu, huchongwa ili itazamwe. Jiwe la nyayo liliwekwa ili litumike, na limelainishwa na miguu ya watu walioishi zaidi ya miaka 600 iliyopita. Lipigie magoti ulitazame. Usilikanyage.

Ukitoka hapo ndipo uingie. Ukuta wa kaskazini ndio wa kibla. Maka iko karibu kaskazini moja kwa moja ya Mombasa, kwani miji hii miwili iko takriban kwenye longitudo moja, nyuzi 39 na kidogo mashariki. Kwa sababu hiyo, katika magofu yoyote ya pwani yetu ukishaupata mihirabu umeshapata dira: mbele yako kaskazini, mkono wa kulia mashariki, ambako kwa kawaida ndiko iliko bahari. Jaribu kufunga ramani ya simu na kuzunguka mji mzima kwa dira hiyo. Watoto hulipenda zoezi hili.

Tafuta misingi ya nguzo. Paa la msikiti lilikuwa zito, na boriti zilikuwa fupi kama nilivyosema, kwa hivyo misikiti ya kale ilihitaji safu za nguzo katikati ya ukumbi. Hesabu safu, kisha jiulize waumini walipanga vipi mistari yao kati ya nguzo hizo. Usitafute mnara. Misikiti mingi ya Waswahili wa zama zile haikuwa nao. Muadhini alisimama juu ya paa au kwenye ngazi yake, na mji ulikuwa mdogo kiasi cha sauti kufika kote.

Angalia pia chumba cha pembeni, kilichotengwa na ukumbi mkuu. Wachimbuaji walikitambua kuwa ni cha wanawake. Nawasihi wanaokwenda na mabinti zao wawafikishe hapo na kuwaeleza. Msichana wa Mombasa anapaswa kujua kwamba mama zake wa karne ya 14 walikuwa na mahali pao katika msikiti huu, na ukuta wa kuthibitisha upo.

Halafu keti. Pana mahali pa kukaa nje ya kuta, chini ya miti. Kaa mpaka masikio yazoee. Upepo uliowaleta watu hawa hapa bado unavuma, na utaelewa kwa nini waliujenga msikiti upande wa bahari badala ya katikati ya mji.

Hatua ya saba: kaburi lililo nyuma ya kibla

Zunguka kwa nje mpaka nyuma ya ukuta wa kaskazini. Hapo pana kaburi kubwa la mawe lenye maandishi ya Kiarabu, aya ya 185 ya Sura Al Imran, inayoanza: "Kila nafsi itaonja mauti." Kama unasoma Kiarabu, chukua muda uzifuate herufi, kama husomi, mwombe kiongozi akuonyeshe mwanzo wa mstari. Kuzika watu wa heshima upande wa kibla cha msikiti ni desturi utakayoiona pia katika miji mingine ya kale ya pwani.

Hapa ni kaburini, si mahali pa maonyesho. Anayejua dua na aisome. Asiyekuwa Mwislamu asimame kimya kama anavyosimama kwenye makaburi ya kwao. Usikae juu ya ukingo wake, usiegemeze mkoba, wala usimpandishe mtoto ili apigwe picha. Wala usizipitishe herufi kwa kidole: jasho la mkono lina chumvi na mafuta, na jiwe hili laini huyanyonya.

Adabu, pamoja na sababu zake

Nimeona vijana wakipanda juu ya kuta ili wapate picha yenye bahari nyuma, na sidhani wana nia mbaya. Hawajaambiwa tu. Ukuta wa mawe na chokaa uliopoteza paa lake huingiwa na maji ya mvua kutoka juu. Chokaa ya ndani huoshwa kidogo kidogo, mpaka mawe yanabaki yamekaliana bila kitu cha kuyashika, ingawa kwa nje ukuta unaonekana mzima. Uzito wa mtu mmoja unaweza kumaliza kilichosimama kwa karne 6. Ukitaka picha ya juu, mwombe kiongozi akuonyeshe mwinuko wa ardhi.

Majina yaliyochongwa kwenye lipu hayafutiki. Kulifuta ni kukwangua, na kukwangua ni kuondoa lipu yenyewe, kwa hivyo aliyeandika jina lake juzi amelifanya kuwa la daima kwenye kazi ya fundi mwingine. Ukimwona mtu anachonga, mwambie kwa upole, na asiposikia mwite askari. Wenye kupanga kupiga picha za harusi au za biashara waombe ruhusa mapema, na droni isirushwe bila kibali.

Kuna jambo jingine ambalo wageni kutoka bara hulishangaa. Misikiti iliyohamwa, katika pwani yetu, haikubaki mitupu machoni pa watu. Wako wanaoamini kuwa ina wenyewe wasioonekana, na huja na ubani, marashi ya mawaridi au kipande cha kitambaa kuweka nadhiri. Wako pia Waislamu wanaolikataa jambo hilo kwa dini yao. Mwenye kuzuru hana kesi ya kuamua hapo. Ukikuta chetezo au chupa ya marashi kwenye ufa wa ukuta, usiguse, usicheke, na usimpige picha mtu aliye katika haja yake. Lakini nawe usiwashe moto wala ubani ndani ya magofu bila kuwauliza wasimamizi. Moshi huweusha lipu, na majani makavu hushika upesi.

Ukiwa na wazee au watoto

Njia ni za mchanga na mizizi, na ngazi ni chache. Mzee anayetembea kwa mkongojo anaweza kuufikia msikiti akisaidiwa, ila mpangie mapumziko kwenye vivuli vya mibuyu. Kiti cha magurudumu kitapata taabu mchangani.

Watoto wapewe kazi, la sivyo watazigeuza kuta kuwa uwanja. Mmoja ahesabu milango, mwingine atafute vishubaka vya taa, wa tatu atafute visima. Visima ndivyo vya kuangaliwa sana: mkono wa mtoto uwe ndani ya mkono wako kila mnapokaribia kimoja.

Baada ya hapo

Rudi kwenye chumba cha maonyesho. Mara hii ramani iliyo ukutani itakuwa na maana, na vigae utavitazama kwa jicho jingine. Kama maji yamepwa, shuka ufukoni na ugeuke nyuma uutazame msikiti. Bahari iko karibu mno na kuta, na kila anayependa mahali hapa anapaswa kulijua hilo. Ukiona ukingo umemomonyoka upya au jiwe limeanguka, piga picha na umpelekee msimamizi kabla hujaondoka.

Muda wa saa 2 au 3 watosha. Mwenye hamu ya kuendelea ana mahali pa kwenda. Aliye na mchana mmoja tu arudi kisiwani, aende Mbaraki, kwenye mnara wa mawe unaosimama karibu na msikiti wa kale. Ni hapo pia utaona ile desturi ya marashi na ubani niliyoitaja. Aliye na siku nzima apande gari la Kilifi mpaka Mnarani, upande wa kusini kabla ya kuvuka daraja. Msikiti mkuu wa huko una maandishi mengi ya kuchongwa kuliko wa Jumba la Mtwana, pamoja na kaburi la nguzo, na kutoka hapo mkono wote wa bahari wa Kilifi uko chini yako. Gede nako msikiti wake mkuu una kisima na birika za kulinganisha na ulizoziona. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, na kwa kuwa uko mbali zaidi, karibu na Malindi, upewe siku yake.

Upande wa kusini, Diani, upo msikiti wa Kongo, kwenye mlango wa mto, katikati ya mibuyu. Ni wa kale vile vile, ila huu una watu: unaswaliwa hadi leo. Ukivuka Likoni kwenda huko, epuka saa za sala na adhuhuri ya Ijumaa, vua viatu, uwatafute wazee wa msikiti, na uombe idhini kabla ya kuingia ndani au kupiga picha. Wasipokupa, kaa nje chini ya mbuyu.